VICHEKESHO JUU YA FILAMU ZA DINI: TUNACHEKA NDEVU ZA GUNDI AU TUNACHEKA DINI?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki mbili hizi nimeulizwa suala moja na watu wa kila aina: wazee wa msikitini, akina mama wa darsa, na vijana wenyewe. Vijana watatu wa mtaani kwetu, Waislamu, watoto wa Waislamu, wana podikasti ya vichekesho. Wanakaa chumbani, wametundika godoro ukutani ili sauti isirudi, wanatazama filamu na tamthilia za dini, kisha wanazizungumza kwa kuchekesha. Leo ni The Message, kesho ni tamthilia ya Nabii Yusuf (a.s.) iliyotoka Iran, keshokutwa ni filamu ya Kikristo. Wanasikilizwa sana, na vipande vyao vinazunguka WhatsApp kuliko hutuba zetu.

Watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema, waacheni, ni utani tu. Kundi la pili linasema hawa wameshatoka katika dini, vifaa vyao vivunjwe na duka la baba wa mmoja wao lisusiwe. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea, na leo nitayajibu yote mawili. Nimekaa nikasikiliza vipindi vyao vinne mwanzo mpaka mwisho kabla ya kuandika herufi moja. Wewe unayetaka kuchangia, nakuomba ufanye hivyo hivyo. Kuhukumu kwa kipande cha nusu dakika si uadilifu.

UISLAMU HAUKUPIGA MARUFUKU KICHEKO

Tuanze hapa, kwa sababu wapo wanaodhani mcha Mungu ni mtu wa kukunja uso. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitania. Bibi mzee alimwomba amwombee dua aingie Peponi, akamjibu kwamba Peponi haingii mzee. Bibi akageuka analia, akatumiwa ujumbe kwamba hataingia akiwa mzee, kwa sababu Allah atawarejeshea ujana. Mtu mwingine alimwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume (s.a.w.) akamuuliza, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Na Zahir, yule bedui aliyekuwa akiuza bidhaa zake sokoni, Mtume (s.a.w.) alimjia kwa nyuma akamkumbatia, akawauliza watu nani atamnunua mtumwa huyu.

Tazama mizaha hiyo mitatu. Hakuna uongo ndani yake, hakuna aliyedhalilishwa, na kila mmoja aliondoka akiwa na furaha kuliko alivyokuja. Masahaba walipomuuliza kama naye anatania, alijibu kuwa hasemi ila kweli. Hadithi hiyo imo katika Tirmidhi. Na katika hadithi nyingine, iliyo katika Abu Dawud na Tirmidhi, ametoa onyo, tena akalirudia, kwa mtu anayetunga uongo ili awachekeshe watu. Basi mizani tunayo. Hatuhitaji kuazima ya mtu.

MAMBO MATATU YASICHANGANYWE

Ndani ya filamu ya dini kuna mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni kazi ya mikono ya watu: mchezaji, nguo, ndevu, farasi, tafsiri, muziki. The Message ilitoka mwaka 1976, mwongozaji wake ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria. Aliipiga mara mbili, moja kwa Kiarabu na moja kwa Kiingereza. Katika ile ya Kiingereza, Hamza (r.a.) amechezwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Mwaka uliofuata, 1977, Quinn huyo huyo anaonekana katika tamthilia ya Jesus of Nazareth akiwa Kayafa, kuhani mkuu wa Mayahudi. Kisha baadaye akarudi kwa Akkad akawa Umar al-Mukhtar wa Libya. Vijana wetu wamelichekea hilo kwa dakika kumi: mtu mmoja, leo yuko Badri, kesho yuko kwa makuhani, keshokutwa anapigana na Waitaliano. Nami nimecheka. Hapo hakuna aliyemgusa Hamza (r.a.). Aliyeguswa ni mchezaji na kilemba chake.

La pili ni maneno ya mtunzi, yaani hadithi aliyoisimulia. Hapa kukosoa si ruhusa tu, mara nyingine ni wajibu. Ile tamthilia ya Nabii Yusuf (a.s.) ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Farajollah Salahshoor, wengi mmejifunzia humo. Mmejifunza kwamba mke wa Azizi anaitwa Zulekha, kwamba alizeeka, akarudishiwa ujana, akaolewa na Yusuf (a.s.). Fungua Sura Yusuf uisome yote, aya 111, hutakuta jina hilo wala ndoa hiyo. Mmejifunza kwamba wafalme wa wakati ule ni Amenhotep na mwanawe Akhenaten. Qur'ani imesema mfalme, basi, na wala haikumwita Firauni kama ilivyomwita yule wa zama za Musa (a.s.). Kijana mmoja kati ya wale watatu aliyasema haya haya katika kipindi chao, kwa utani, huku amefungua msahafu. Wallahi siku ile alifundisha kuliko wengi wetu.

La tatu ni dini yenyewe: Allah (s.w.), Mitume wake, malaika, aya zake, Swala, Pepo na Moto. Hapa ndipo penye ukuta. Hapa hapana mzaha, si wa filamu wala wa barazani kwenye kahawa. Na vijana hawa, pamoja na yote niliyowasifia, wameuvuka ukuta huu mara mbili katika vipindi nilivyovisikiliza. Nitaeleza ni wapi.

SHUBHA YA KWANZA: "SHEIKH, SISI TUNACHEKA FILAMU, HATUCHEKI DINI"

Jibu: maneno haya yanaweza kuwa kweli na yanaweza kuwa ngao. Nitakupa kipimo. Iondoe filamu, kisha uangalie kama kichekesho bado kimesimama.

Ukicheka ndevu zilizobanduka shavuni wakati wa vita, ondoa filamu, kicheko hakipo. Ndevu zile zilikuwa za gundi na gundi ni ya filamu. Umesalimika.

Lakini mliposema katika kipindi cha Nabii Ibrahim (a.s.) kwamba mzee ameota ndoto akaamka anatafuta kisu, na kwamba leo angepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, hebu iondoeni filamu. Kichekesho kimebaki kizima! Hakimhitaji mchezaji, hakihitaji kamera. Kinamhitaji Ibrahim (a.s.) tu, na ndoto yake ambayo sisi tunaamini ni wahyi, na mwanawe aliyejisalimisha, na kisa kilichotajwa katika Sura As-Saffat. Kila mwaka tunachinja Idi kwa ajili ya kisa hicho. Basi hamkucheka filamu, wanangu. Filamu ilikuwa mlango tu mliopitia.

Mara ya pili ilikuwa hivi. Mnaijua kazi ya wale wanaotafsiri filamu kwa sauti katika vibanda umiza, anazima maneno ya asili anaweka yake, na watu wanavunjika mbavu. Vijana wetu walichukua kipande cha tamthilia, wakaweka sauti zao, Nabii Yusuf (a.s.) akawa anazungumza kama mpiga debe wa daladala anayegombea abiria. Hili ni zito kuliko la kwanza. Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa anayemzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni, na hadithi hiyo ni mutawatir, masahaba wengi wameipokea. Sasa wewe unamtilia Nabii wa Allah mdomoni maneno ambayo hakuyasema, tena ya kipuuzi, halafu unasema ni sauti tu?

Na hapa mkumbuke kwa nini wanazuoni wa Al-Azhar na wengineo wamekataza tangu zamani Mitume kuigizwa na kuonyeshwa nyuso. Akkad alilifuata hilo, ndiyo maana katika The Message humuoni Mtume (s.a.w.) wala husikii sauti yake. Mwaka 2012 ilipotoka tamthilia ya Omar iliyoongozwa na Hatem Ali, Al-Azhar ilipinga hata sura ya Umar bin al-Khattab (r.a.) kuonyeshwa, ingawa wapo wanazuoni wengine waliopitia maandishi yake wakairuhusu. Hofu ya waliokataza ilikuwa hii hii: ukishampa Nabii uso wa mchezaji, kesho mtu atauchezea uso ule. Kesho yenyewe imefika, na waliofika nayo ni watoto wetu.

SHUBHA YA PILI: "NIA YETU NI SAFI"

Jibu: rudini kwenye Sura At-Tawba, aya ya 65 na 66. Katika safari ya Tabuk watu fulani waliwakejeli wasomaji wa Qur'ani miongoni mwa masahaba, kwamba ni walafi wa matumbo, waongo wa ndimi na waoga wa vita. Walipoulizwa walijitetea kuwa walikuwa wanapiga porojo na kucheza tu, wakate masafa. Udhuru huo haukukubaliwa. Aya zikashuka kuwauliza kama ni Allah, aya zake na Mtume wake ndio waliokuwa wakiwafanyia mzaha.

Angalieni udhuru wao ulivyo. "Tulikuwa tunacheza tu." Kuna tofauti gani na "ni komedi tu, sheikh"? Wahenga walisema, mzaha mzaha hutunga usaha. Na katika Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mja anaweza kusema neno moja asilolipa uzito, likamporomosha Motoni. Nia yako unaijua wewe na Mola wako. Yule mtoto wa darasa la tano anayesikiliza kwenye simu ya dada yake haijui. Yeye akifika madrasa akasomewa kisa cha Yusuf (a.s.) atasikia sauti ya mpiga debe. Utaifuta vipi sauti hiyo kichwani mwake?

SHUBHA YA TATU: "FILAMU YA KIKRISTO HAITUHUSU, TUICHEKE TU"

Jibu: inatuhusu mara mbili.

Kwanza, Isa (a.s.) ni Nabii wetu na mama yake Maryam (a.s.) ana sura nzima yenye jina lake. Filamu ile ya Jesus ya mwaka 1979, ambayo wahubiri wameitembeza vijijini kwa mashine za sinema na imetafsiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi mno, imejengwa juu ya Injili ya Luka. Ndani yake yamo tunayoyakataa, kama kusulubiwa. Yakatae kwa hoja. Lakini ukianza kumwiga yule mchezaji anavyotembea na kuzungumza akiwaponya wagonjwa, jiulize unamcheka nani. Kuponya wagonjwa kwa idhini ya Allah ni katika miujiza ya Isa (a.s.) iliyotajwa ndani ya Qur'ani.

Mwaka ule ule wa 1979 wachekeshaji wa Kiingereza, Monty Python, walitoa Life of Brian. Waliipiga Tunisia, pale Monastir, na wakatumia baadhi ya majengo yaliyobaki ya ile Jesus of Nazareth. Utetezi wao ulikuwa kwamba hawamcheki Isa, wanawacheka watu wanaofuata kila kitu kama kondoo. Norway na Ireland zikaipiga marufuku kwa wakati huo. Hata hao, wasio na Shahada wala hawaamini tunayoyaamini, waliona haja ya kujitetea kuwa Isa mwenyewe hawakumgusa. Wewe mwenye Shahada hujali?

Pili, Al-An'am aya ya 108 imetukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine kinyume cha Allah, wasije nao wakamtukana Allah kwa uadui bila ya elimu. Sisi tunaishi nyumba moja ukuta mmoja na Wakristo. Tunazikana, tunakopeshana chumvi. Watakapowajibu kwa podikasti inayomcheka Mtume (s.a.w.), nani atakuwa amekifungua kikao hicho?

SHUBHA YA NNE: "HAWA NI MAKAFIRI, TUWASHUGHULIKIE"

Sasa nawageukia ninyi mliokuwa mnapiga takbira huku mkisoma juu. Naomba msome mpaka mwisho.

Aya za At-Tawba mnazozitumia kuwatoa vijana hawa katika dini, mmezisoma zote? Aya ya 66 yenyewe inataja kuwa lipo kundi litakalosamehewa. Wafasiri wanamtaja Makhshi bin Humayyir, aliyekuwa pamoja na watu wale, akatubia, akaomba afe shahidi, akauawa Yamama. Mlango wa toba umewekwa ndani ya aya ya onyo, nawe umeuruka!

Kumhukumu Muislamu aliyetajwa kwa jina kuwa ni kafiri kuna masharti na vizuizi, na si kazi ya kikundi cha WhatsApp. Je, alijua? Alikusudia? Alifundishwa akakaidi? Usama bin Zayd (r.a.) alipomuua mtu vitani baada ya kutamka Shahada kwa kudhani ameitamka kwa hofu, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama alimpasua moyo akauona. Na ametuonya kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao.

Nawapa mfano wa filamu hiyo hiyo ya The Message. Ilipokuwa inaonyeshwa Marekani, fununu zilienea kwamba Anthony Quinn anacheza nafasi ya Mtume (s.a.w.). Uongo mtupu. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington wakashika mateka zaidi ya 100. Walikuwa na machungu na madai mengine, lakini mojawapo ya madai ni kuwa filamu ile isimamishwe. Mwandishi wa habari kijana akauawa. Ameuawa kwa ghadhabu iliyochanganyika na uvumi, juu ya filamu ambayo Mtume (s.a.w.) hayumo. Na Akkad mwenyewe, mtu aliyewafikishia mamilioni ya watu kisa cha Uislamu, Novemba 2005 alilipuliwa hotelini mjini Amman pamoja na binti yake, na waliofanya hivyo walikuwa wakilitaja jina la Uislamu.

Basi ndugu yangu unayesema tukawavunjie vijana vifaa, ukivunja kipaza sauti leo, kesho utavunja nini? Bedui alipokojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.), masahaba wakamkimbilia, Mtume (s.a.w.) aliwazuia mpaka akamaliza, akaagiza maji yamwagwe, akamfundisha kwa upole. Huo ni mkojo msikitini! Na baba wa kijana, mwenye duka, ana kosa gani? Qur'ani imetukariria kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Na Sura An-Nisaa aya ya 140, inayotukataza kukaa na wanaozifanyia kejeli aya za Allah, imeweka kikomo: mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Maana yake nini? Ondoka kejeli inapoanza, zima simu, usisambaze. Wakibadilisha mazungumzo, warudie. Hatukuamrishwa kuwafukuza, wala kuwafungia mlango wa msikiti.

TUULIZANE PIA SISI WAZAZI NA WALIMU

Mtoto anamjua Yusuf (a.s.) kwa uso wa mchezaji wa Iran. Umar (r.a.) anamjua kwa tamthilia ya Ramadhani. Nani aliyempeleka huko? Tumeweka televisheni sebuleni, tukasema "afadhali anaangalia ya dini," tukaenda zetu. Madrasa tumemkaririsha sura fupi mpaka zikakaa, kisa hatukumsimulia. Kisha tunashangaa akiichukulia dini kama tamthilia, akacheka palipochekesha na pasipochekesha. Samaki mkunje angali mbichi. Tumemwacha akakauka juani, sasa tunataka kumkunja kwa rungu.

NASAHA YANGU KWA VIJANA WENYE PODIKASTI

Wanangu, sikuambieni mfunge. Nawaambia haya:

1. Vifuteni vipande viwili nilivyovitaja, cha Ibrahim (a.s.) na cha sauti ya Yusuf (a.s.). Leteni toba, na semeni hadharani kwamba mmevifuta na kwa nini. Kosa la hadharani hutengenezwa hadharani.

2. Msimwige Nabii yeyote, kwa sauti wala kwa mwendo. Hakuna majadiliano hapo.

3. Kila kichekesho kipimeni kabla ya kurekodi: tukiiondoa filamu, kinabaki? Kikibaki, kiacheni.

4. Filamu za wenzetu zizungumzeni kama mnavyotaka zizungumzwe zenu.

5. Mnapoona tamthilia imeongeza jambo lisilokuwemo katika Qur'ani wala sunna sahihi, lisemeni, na hapo chekesheni mtakavyo. Gundi ichekeni. Farasi anayekataa kwenda vitani mchekeni. Mtunzi aliyemwoza Yusuf (a.s.) kwa hadithi za kubuni msimwache.

Baada ya Swala ya Isha, siku yoyote, mimi nipo msikitini. Njooni na orodha ya filamu zenu, nami nitakuja na msahafu na vitabu vya tafsiri. Tukae. Mkitaka kurekodi, rekodini. Nanyi wazee mliokuwa mnataka kususia duka, njooni mkae safu ya mbele mfundishe, maana kulea ni kazi ya mtaa mzima.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na mzaha unaotuangamiza. Wasamehe vijana wetu kwa wasiyoyajua, na utusamehe sisi kwa tuliyoyajua tusiwafundishe. Amin.

Na Allah ndiye mjuzi zaidi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.